Kisu Kile Kile

Ndugu msomaji, nianze na mwembe, halafu nitakupeleka mbali.

Mwembe wenyewe ulikuwa wa bibi yangu, nyuma ya nyumba, kijijini Muheza. Ulizaa embe dodo, na chini yake ndipo tulipopukuchua mahindi na kupigana ngumi. Nilikuwa darasa la tano asubuhi ile tulipoamka tukaukuta umevuliwa gome. Mtu alikuwa amekuja usiku na kisu kikali, akauzunguka shina lote, akaondoa pete ya gome yenye upana wa kiganja. Mbao nyeupe ilikuwa inang'aa kama mfupa. Wakati huo kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, kila mtu mzima pale uani alikuwa na jina kichwani, na hakuna aliyelitamka. Bibi alipitisha kidole juu ya lile jeraha akasema, "Wameutia kitanzi."

Kilichonishangaza ni kwamba mti haukufa. Wiki zikapita, majani mabichi. Msimu uliofuata ukachanua maua mengi kuliko mwaka wowote niliowahi kuuona. Majirani wakaja kumpongeza bibi: mti umepona, Mungu mkubwa! Bibi hakujibu. Baada ya msimu ule majani yakaanza kukunjamana, matawi yakakauka moja moja kuanzia juu, na mwishowe tukaukata kuni.

Miaka ikaenda. Nikamaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale yale ya wengi wetu, nikaja mjini. Mchana nabeba maboksi stoo, usiku naandika riwaya ambayo haijaisha. Siku moja kwa muuza vitabu chakavu, wale wanaopanga vitabu chini pembeni ya barabara, nikaokota kitabu kisicho na jalada, kimejaa picha za miti midogo ndani ya vyungu. Nikafungua katikati. Mkono wa mtu umeshika kisu, unavua pete ya gome kuzunguka tawi. Mbao nyeupe, inang'aa kama mfupa.

Nikasema moyoni: huyu naye anaua mti. Nikafungua ukurasa wa pili. Pale pale penye jeraha, mizizi imetoka, myeupe, mingi kama ndevu za mzee.

Sasa niambie wewe, ndugu yangu: kisu kile kile, pete ile ile. Kwa nini kule kimeua, na huku kimezalisha? Swali hilo ndilo lililonifanya niache riwaya yangu kwa miezi kadhaa nikasome historia ya miti. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Miti ile ya kwenye vyungu inaitwa bonsai. Jina ni la Kijapani, na maana yake ni mche uliopandwa kwenye chombo kipana kisicho na kina. Si aina ya mti, wala si mbegu ya mbilikimo. Ni mti wa kawaida kabisa, msonobari au mwingine wowote, ambao ungeachwa ardhini ungerefuka kupita paa. Unafanywa mdogo kwa kupogolewa matawi, kupunguzwa mizizi na kufungwa waya, mwaka baada ya mwaka. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Wajapani wameufanyia kazi usemi huo bila kuusikia.

Lakini si wao walioanza. Karibu na mji wa Xi'an, China, lipo kaburi la mwana wa mfalme aliyeitwa Li Xian. Kwenye ukuta wa kaburi hilo, lililotengenezwa mwaka 706, kuna picha ya watumishi waliobeba vyombo vyenye mawe na mimea midogo. Huko China sanaa hiyo inaitwa penjing. Ikavuka bahari pamoja na watawa wa Kibudha na wafanyabiashara, na katika kitabu cha kukunja cha Kijapani cha mwaka 1309 tayari tunaiona miti midogo imepangwa juu ya meza uani kwa bwana mkubwa. Wakafuata watawala wenye upanga. Shoguni Tokugawa Iemitsu, aliyekufa mwaka 1651, alipenda sana bonsai, na msonobari unaosemekana kuwa wake bado unamwagiliwa maji katika kasri la mfalme wa Japani mjini Tokyo. Upanga wake umekwisha, serikali ya ukoo wake iliangushwa mwaka 1868, mti upo.

Sasa rudi kwenye kile kisu. Ile kazi ya kuotesha mizizi juu ya tawi likiwa bado liko kwenye mti wake, Wajapani wanaiita toriki, yaani kuchukua mti. Nilidhani ni siri ya huko Mashariki. Kumbe wapi! Zaidi ya miaka 2,100 iliyopita alikuwepo Mrumi mmoja, Cato, mwanajeshi, mwanasiasa mwenye mdomo mkali, na mkulima. Alizaliwa mwaka 234 kabla ya Kristo na aliandika kitabu cha kilimo ambacho tunacho hadi leo. Humo anaeleza wazi: chukua chungu chenye tundu chini, au kikapu, pitisha tawi ndani yake, jaza udongo, shindilia, uache hapo hapo mtini. Baada ya miaka miwili kata tawi chini ya kikapu, ukapande. Ni hivyo tu.

Kwa hiyo watu walijua jinsi. Hawakujua kwa nini. Mtu wa kwanza kuitazama pete ya gome kwa jicho la mtafiti alikuwa daktari wa Bologna, Italia, Marcello Malpighi, ambaye kitabu chake cha viungo vya mimea kilianza kuchapishwa London mwaka 1675. Malpighi alivua pete za gome kwenye matawi, akangoja. Akaona kwamba upande wa juu wa jeraha gome linavimba, na upande wa chini halivimbi. Akafikiri: kumbe kuna kitu kinachoshuka kutoka kwenye majani kupitia gome, na sasa kimezuiwa njia.

Alikuwa sahihi. Fikiria mti kama nyumba ya ghorofa yenye mabomba mawili. Bomba la kwanza liko ndani ya mbao, linapandisha maji kutoka mizizini. Bomba la pili liko kwenye gome, linateremsha chakula, sukari iliyopikwa na majani kwa jua. Kati ya gome na mbao kuna utando mwembamba wenye utelezi, ambao vitabu vya baiolojia vinauita kambiamu. Utando huo ndio mama wa yote: upande mmoja unazaa mbao, upande mwingine unazaa gome.

Ukivua pete ya gome, bomba la ndani halijaguswa. Maji yanapanda kama kawaida, ndiyo maana majani hayanyauki. Ila chakula hakishuki tena. Kinarundikana juu ya jeraha, na mti wenye shibe isiyo na pa kwenda hutoa maua kwa fujo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Maua yale ya mwembe wa bibi! Majirani walikuwa wanapongeza njaa. Juu mti ulikuwa na karamu, chini mizizi ilikuwa inakufa kwa kukosa chakula, na siku mizizi ilipokwisha, maji nayo yakaisha.

Pamoja na sukari, kinashuka kitu kingine. Mwaka 1928 kijana wa Kiholanzi, Frits Went, alichapisha majaribio yake ya ncha za machipukizi ya oti. Alionyesha kwamba ncha inatengeneza kemikali inayoagiza mmea ukue. Kemikali za namna hiyo zikaitwa oksini. Katikati ya miaka ya 1930 watafiti wakathibitisha kwamba oksini ndiyo pia inayoamsha mizizi. Basi hesabu ni rahisi: sukari imerundikana juu ya jeraha, oksini imerundikana hapo hapo. Kinachokosekana ni unyevu na giza. Cato alivileta kwa kikapu cha udongo. Mtu aliyemfanyia bibi ubaya hakuleta kitu, aliliacha jeraha kwenye jua.

Tofauti nzima ya mauti na uzazi ni kile unachoweka juu ya kidonda baada ya kukata.

Na usidhani watu wa huku kwetu hawakuijua siri ya gome. Waganda wameijua kwa karne nyingi. Wanauvua mti wa mutuba gome lake la shina, wanalitwanga kwa nyundo za mti mpaka linakuwa kitambaa laini chenye rangi ya udongo mwekundu, nguo ya wafalme na ya mazishi. Mwaka 2005 UNESCO waliutangaza ufundi huo kuwa hazina ya binadamu wote. Baada ya kuvua, fundi hauachi mti uchi. Anaufunga kwa majani ya mgomba, kama mgonjwa anavyofungwa bandeji. Ule utando wenye utelezi uliobaki juu ya shina haukauki, unajenga gome jipya, na fundi atarudi kuvuna tena. Tazama basi: ukitaka gome lirudi, uhifadhi utando. Ukitaka mizizi, uukwangue utando wote. Maarifa ni yale yale, yamegeuzwa upande.

Kwenye bonsai kazi inafanyika hivi. Mwenye mti anatazama mti wake. Pengine una shina refu kama mlingoti, halina uzuri wowote chini, lakini juu kuna matawi yaliyojipanga vizuri sana. Mtu wa haraka atakata juu atupe. Fundi hatupi. Anangoja majani ya majira ya kuchipua yakomae, kisha chini kidogo ya sehemu anayoitaka anakata duara mbili kuzunguka shina, umbali kati yake ukizidi kidogo unene wa shina, mara moja na nusu hivi. Anavua gome lililo kati. Anakwangua mbao mpaka utelezi uishe kabisa. Kwenye ukingo wa juu anapaka unga wa homoni ya mizizi. Anazungushia kuvumwani, zile nyasi laini za kijani zinazoota kwenye mawe yenye unyevu, zikiwa zimelowekwa na kukamuliwa. Juu yake nailoni, imefungwa juu na chini. Halafu anangoja.

Hapo kwenye kungoja ndipo wengi tunaposhindwa. Mti unaoitwa momiji, wenye majani kama kiganja cha mtoto, unaweza kutoa mizizi kwa miezi miwili au mitatu. Misonobari ni migumu, inaweza kukuweka mwaka mzima na zaidi, na mingine inakataa kata kata. Huwezi kufungua kila siku kuchungulia. Mizizi ikijaza nailoni, fundi anakata chini yake kwa msumeno na kuupanda mti mpya kwenye chungu.

Mti mpya? Hapo kuna mjadala ambao nimeshindwa kuumaliza. Tawi lililokaa juu ya mti kwa miaka 40 linashuka na gome lake la miaka 40, mikunjo yake yote, nundu zake zote. Mizizi ina miezi mitatu. Sasa umri wake ni upi? Ni mtoto wa mti ule, au ni mti ule ule umesimama mahali pawili? Kwa damu ni ule ule, hakuna tofauti hata chembe. Sisi tuliotoka vijijini tukaja kuota mizizi mjini juu ya makopo na zege, swali hilo tunalijua bila kufundishwa.

Haya, tumeshangilia tawi. Na mama je? Huko chini kumebaki kisiki chenye jeraha. Kuhusu majeraha ya miti dunia ilidanganyika kwa muda mrefu. Watu walipaka lami, rangi, hata samadi, wakidhani wanauponya mti kama tunavyoponya mguu. Akatokea Mmarekani mmoja, Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali. Kazi yake ilikuwa kupasua miti kwa urefu kwa msumeno wa moto. Alipasua maelfu, akatazama ndani mle ambamo kidonda cha zamani kilizikwa. Mwaka 1977 akatoa maelezo ambayo yamebadilisha kazi ya kupogoa: mti hauponi.

Nilirudia mara tatu kusoma. Ngozi yako ikikatika, mwili unatengeneza nyama mpya mahali pa ile iliyokufa. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyojeruhiwa inabaki imejeruhiwa daima. Unachofanya mti ni kuizungushia kuta, ili uozo usivuke, kisha unakua juu yake, gome linajikunja kutoka pembeni kama midomo inayofumba, mpaka siku moja midomo inakutana. Jeraha liko mle ndani, mwaka ule ule, umbo lile lile. Shigo alisema wazi kwamba lami na rangi hazizuii uozo, na alipinga kukata tawi kwa kulilaza kisu shinani, kwa sababu unaharibu ile shingo ya tawi ambayo ndiyo inayojenga ukuta.

Mafundi wa bonsai bado wanapaka. Si kwa ubishi. Wao wanapaka ukingo tu, kwa dawa kama ugoro uliokandwa au kama gundi, ili ule utando wa pembeni usikaushwe na upepo kabla haujaanza kujikunja. Wana pia koleo maalum linalong'ata na kuacha shimo dogo badala ya uso ulio sawa. Kwa nini shimo? Kwa sababu gome linapojikunja linavimba, na likivimbia ndani ya shimo, mwisho wake shina linakuwa laini. Na jeraha likiwa kubwa, wanaacha tawi moja karibu na pale likue ovyo ovyo, bila kukatwa, hata kama linaharibu sura ya mti kwa miaka. Tawi hilo linapitisha chakula kingi, midomo ya jeraha inafumba haraka. Kisha nalo linakatwa. Limeumbwa kwa kazi hiyo tu.

Kuna majeraha mengine hayafunikwi kabisa. Kwenye mireteni, fundi anaweza kuvua gome kwa makusudi, akaiacha mbao iliyokufa wazi na kuipaka chokaa iliyochemshwa na kiberiti mpaka inakuwa nyeupe kama mfupa uliooshwa na mvua. Pembeni yake umebaki mshipa mmoja wa gome hai unaopitisha chakula. Nusu ya mti ni maiti, nusu inachipua, na watu wanasafiri kwenda kuutazama.

Nimalizie safari kwa watu wenyewe. Tarehe 1 Septemba 1923, karibu na saa sita mchana, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Tokyo na Yokohama. Moto ukafuata. Zaidi ya watu 100,000 walikufa. Miongoni mwa walionusurika walikuwa mafundi wa bonsai wa Tokyo, na mji ule haukuwafaa tena: moshi, msongamano, maji mabaya. Mwaka 1925 baadhi yao wakahamia Omiya, kaskazini mwa mji, mahali penye udongo mzuri na maji safi. Wakaanzisha kijiji cha bonsai, na wakajiwekea masharti. Kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi. Bustani iwe wazi kwa kila mgeni. Nyumba isiwe ya ghorofa, ili isiwazibie jua miti ya jirani. Na pasiwe na ukuta wa mawe, bali ua wa mimea.

Vita vya Pili vya Dunia vikakiponda kijiji hicho. Vijana walichukuliwa jeshini, na kumwagilia mti wa anasa wakati wa njaa kulionekana ni aibu. Bustani nyingi zilifungwa. Wachache walibaki na ndoo zao. Leo kijiji kipo, na tangu mwaka 2010 kina makumbusho yake. Hawa walikatwa kutoka kwenye shina lao kwa moto. Wakajifunga unyevu wao wenyewe, wakangoja.

Sasa narudi Muheza, kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mwembe wa bibi ulikaa hai zaidi ya mwaka baada ya kutiwa kitanzi. Katika vitabu hivi nimekuta kwamba mti wa namna ile unaweza kuokolewa. Unachukua vijiti kutoka kwenye matawi yake wenyewe, unavichonga ncha, unavipachika chini na juu ya jeraha kama madaraja, na chakula kinapita. Wenye bustani za matunda Ulaya wanawafanyia hivyo miti iliyotafunwa na panya na sungura. Tulikuwa na mwaka mzima. Tulikuwa na kisu. Tulikuwa na mwembe mzima wa vijiti. Penye miti hakuna wajenzi. Cato alishaandika miaka 2,100 kabla yetu kwamba tawi linaweza kuota mizizi likiwa juu, na sisi tulikaa chini ya yale maua tukishukuru.

Nyuma ya chumba ninachopanga kuna mkomamanga wa mama mwenye nyumba. Nilimwomba tawi moja. Mara ya kwanza nilivua pete vizuri, nikafunga, nikangoja wiki kumi. Nilipofungua, hakuna mzizi. Nilikuwa nimeacha uzi mmoja wa utando, mwembamba kama unyasi, na mti ulikuwa umejenga daraja lake juu ya pete yangu na kuendelea na maisha. Nilicheka peke yangu. Mara ya pili nilikwangua mpaka kucha zikauma. Kuvumwani sikupata, nikatumia makumbi ya nazi niliyoyaloweka usiku kucha, na nailoni ya kujaladia madaftari. Safari hii mizizi ikaja, myeupe, ikigongagonga nailoni kutafuta njia.

Sasa tawi liko kwenye kopo la rangi, lina majani mapya saba. Mama mwenye nyumba kaniuliza, "Haya mwanangu, utaupanda wapi na huna kiwanja?" Nimemjibu sijajua bado. Kila asubuhi kabla ya kwenda stoo namwagilia kopo, kisha naugeukia mkomamanga wenyewe, pale nilipokata. Ukingo wa jeraha umeanza kuvimba, umbali wa ukucha. Ndani yake najua kisu changu kitabaki siku zote. Juu yake gome linakuja.